Nilimjibu Daktari "Hakuna"

Mmeniomba nizungumze nanyi wenye karakana kwa sababu niliugua nikapona. Nimekubali, lakini mnisikilize hadi mwisho, maana kupona kwangu si jambo la kujisifia.

Naitwa Leokadia. Nina karakana ya kushona sare za shule hapa Mlandege. Nilianza na cherehani moja barazani kwa dada yangu, nikafikisha mafundi kumi na mmoja. Nilikuwa na afya nzuri. Hospitali nilikuwa naijua kwa kujifungua tu. Nilipenda kuwaambia watu kwamba karakana yangu haijawahi kufungwa hata siku moja ya kazi.

Korona ilipoingia, shule zilifungwa, sare zikakosa mnunuzi. Tukashona barakoa. Fundi wangu mmoja, Sekela, binti wa Mbeya, aliniuliza kama na wao wanaweza kuchukua moja moja.

Nikamwambia, "Hizo ni za wateja. Nyie humu ni ndugu, mnaogopana nini?"

Wenzake wakacheka. Yeye hakucheka. Ndoo ya kunawia niliiweka mlangoni, lakini ilikuwa na maji siku ile tu bwana afya alipopita.

Shule zilipotangazwa kufunguliwa, oda zikaja zote kwa pamoja. Ilikuwa Juni, na baridi ya Iringa ya Juni mnaijua. Nikafunga madirisha. Mafundi wakashona bega kwa bega, pumzi ya mmoja ikiwa ndiyo pumzi ya wote.

Asubuhi moja Sekela akaja mezani kwangu. "Dada, mwili wote unauma. Na tangu jana nikinusa sabuni, sisikii harufu yoyote."

"Ni mafua hayo. Kunywa tangawizi," nikamjibu. "Ukiondoka leo, wapo wanaoiomba hiyo mashine yako."

Akarudi kukaa. Nilimwona anafuta jasho kwenye baridi ile, nikageuza uso. Siku ya tatu alianguka kutoka kwenye stuli. Kaka yake akaja kumchukua, akampeleka kwao Uyole. Mimi nikakalisha fundi mwingine kwenye mashine ileile.

Haikupita wiki, nami nikaanza. Kwanza koo, kisha homa, kisha kikohozi kikavu kilichonifanya nijikojolee nikiwa nimesimama. Nikapiga nyungu, nikijifukiza mvuke wa majani, mpaka uso ukababuka. Tumbo likaniendesha. Siku ya sita nilishindwa kutoka kitandani hadi mlangoni. Nilikuwa navuta hewa kama mtu anayenyonya kwa mrija ulioziba. Binti yangu Rehema akanipeleka hospitali. Kabla sijaingia kwenye gari nilimwambia, "Mafundi waambie nimesafiri. Kazi iendelee."

Wodini wakanibana kidoleni kifaa cha kupima oksijeni. Muuguzi alipoona namba, akaita wenzake. Wakaniwekea oksijeni, wakanilaza kifudifudi. Daktari, kijana mpole, akainama karibu na sikio langu.

"Mama, unafanya kazi wapi? Kuna mtu mwingine anayeumwa huko?"

Nilimfikiria Sekela. Nilifikiria pia mafundi wawili niliowaacha karakanani wakikohoa, na kufuli ambalo lingewekwa mlangoni mwangu.

"Hakuna," nikasema.

Hilo neno nililitoa mwenyewe, kwa akili timamu, na pumzi ile ya kuazimwa.

Nililala kifudifudi siku tatu. Nilijinyea, nikavishwa nepi kama mtoto. Muuguzi mmoja alikuwa ananisafisha bila kukunja uso, ananiambia, "Pumua, mama, wewe pumua tu." Amevaa barakoa, glavu na aproni ya plastiki. Nikawa najiuliza nani alihakikisha amevaa hivyo kabla hajanigusa.

Siku ya nne wakaleta mgonjwa kwenye kiti cha magurudumu. Alikuwa Mzee Mgaya, mkataji wangu wa vitambaa tangu mwanzo. Midomo yake ilikuwa ya rangi ya majivu. Akaniona.

"Kumbe mama uko huku," akasema, akivuta hewa baada ya kila neno. "Tuliambiwa umesafiri."

Daktari akamuuliza anafanya kazi wapi. Akaninyooshea kidole. Hakuninyooshea kwa ubaya. Alikuwa anaelekeza tu. Daktari akanigeukia.

"Mama, uliniambia hakuna."

Siku hiyohiyo watu wa afya wakaenda karakanani, wakakuta wengine watatu wana homa. Wakawatoa, wakafunga mlango. Wale watatu walipona. Mzee Mgaya alifariki siku ya tano tangu aletwe, vitanda viwili kutoka kwangu, mimi nikiwa naanza kula uji.

Nilipotoka nilikuwa nimepungua mpaka pete ikawa inadondoka. Ilinichukua miezi kuweza kupanda mlima wa kwenda nyumbani bila kupumzika. Kwa mjane wa Mgaya nilikwenda, nikamweleza yote, hata lile la kusafiri. Alinisikiliza, kisha akaingia ndani na hakutoka tena.

Nikapanda basi hadi Mbeya. Sekela nilimkuta Uyole anaanika maharage, amekonda. Mama yake alinipa kiti. Nikapiga magoti chini badala ya kukaa.

"Inuka, dada," Sekela akasema. "Mimi nimekusamehe. Ila Mzee Mgaya siwezi kumsemea."

Hakurudi kazini kwangu, na sikumwomba arudi.

Namshukuru Mungu. Nawashukuru wauguzi walioniosha, na daktari aliyeendelea kunitibu vilevile hata baada ya kujua nimemdanganya. Leo madirisha yangu ni mapana na yako wazi, mashine zimepeana nafasi, maji yapo kila siku. Fundi akiumwa anakwenda nyumbani, na mashine yake haikaliwi na mtu mpaka arudi. Msinipongeze kwa hayo. Ndiyo niliyotakiwa kuyafanya tangu mwanzo.

Ninyi mnaoajiri, mtu akija mezani kwako akisema anaumwa, ujue amefikiria sana kabla hajaja. Mwamini. Na ukiugua wewe, ukaulizwa na daktari, sema kweli upesi. Mimi nilichelewa siku nne, na siku hizo Mzee Mgaya alikuwa amesimama mezani anakata vitambaa vyangu.