Sabuni Nyekundu na Mafuta ya Nazi

"Mafuta ya nazi hayawezi kumchoma mtoto, bibi," nilimjibu, maana alikuwa ameniambia mara mbili kwamba tangu nianze kumpaka mdogo wangu, ngozi inazidi kuwa nyekundu. Niliyayeyusha mwenyewe pamoja na nta ya nyuki, nikayapoza mpaka yakaganda laini kwenye kikopo.

"Haya, daktari," akasema bibi, "mbona mgonjwa wako anajikuna?"

Mdogo wangu alikuwa na mwaka na nusu. Kwenye mikunjo ya viwiko na nyuma ya magoti ngozi ilikuwa kavu, ina magamba. Dresa wa zahanati alisema si upele, hauambukizi, tumlainishe ngozi tu. Lakini alijikuna mpaka damu, kwa hiyo kila akilazwa mama alimfunga mikono kwa vipande vya kanga kuukuu. Sikuweza kuvumilia kuiona ile mikono. Nilitaka ifunguliwe kabla sijarudi shule Jumatatu.

Kila asubuhi nilimwogesha kwa sabuni nyekundu ya dawa niliyokuja nayo kutoka bweni, nikamsugua sana, nikamkausha, nikampaka. Siku ya nne nikaongeza nta. Ya tano nikaipunguza. Bibi alikaa mlangoni akimenya ndizi, akasema sabuni yangu inanuka josho la ng'ombe.

"Inaua vijidudu, bibi."

"Huyu ana vijidudu gani? Kupe?"

Alhamisi mafuta yalikaribia kwisha. Nikamwachia bibi yaliyobaki, nikateremka mjini kununua mengine kwenye duka la Mhindi. Mvua ikanizuia kwa shangazi, mtaa wa Kaloleni, siku mbili nzima. Sikutulia. Kila saa nilikwenda mlangoni kuangalia kama mawingu yameondoka kwenye mlima wa kwetu.

Jumamosi mchana nikafika nyumbani, nikamshika mtoto hata kabla ya kuamkia watu. Viwiko vilikuwa laini. Wekundu umefifia.

"Shikamoo, bibi. Umeona mafuta yangu?"

"Marahaba. Nimeona."

Nikaenda kunawa. Sabuni yangu ilikuwa pale pale juu ya jiwe, chini ya upenu, imekauka, imepasuka katikati, imejaa vumbi la kuku. Hakuna aliyeigusa tangu Alhamisi.

"Bibi, ulimwogesha na nini?"

"Maji. Ya uvuguvugu. Nikampaka kabla hajakauka, maana anakimbia kama mbuzi huyu."

Angenicheka ingekuwa afadhali. Aliendelea kumenya ndizi zake. Wiki nzima nilikuwa nalaumu nta.

Nimeitia sabuni kwenye sanduku la shule. Kesho asubuhi, kabla ya kanisa, nitamwogesha mtoto kwa maji matupu, nimpake akiwa bado na unyevu, nisiongeze kitu wala kupunguza. Halafu nitamwambia mama, bibi akiwa anasikia, kwamba kosa lilikuwa langu, na nitamwomba mchana tumlaze mikono ikiwa wazi. Nitakaa pembeni yake mpaka aamke.