Ukaguzi wa Mwisho wa Nyumba ya Mkuza

Mkandarasi Limbu hakuwa mwoga wa urefu. Aliwahi kutembea juu ya kenchi za paa, upepo ukimpeperusha shati, huku anatafuna muhogo wa kuchoma. Alichoogopa ni watu wenye kalamu. Na katika hao, aliyemwogopa kupita wote ni mkaguzi wa majengo, kwa sababu polisi humuuliza mtu alifanya nini, ilhali mkaguzi huuliza alichoacha kufanya, na swali hilo halina mwisho.

Kuomba ukaguzi wa mwisho si kazi ngumu, ukimsikiliza asiyewahi kuuomba. Mkandarasi anaandika barua kwamba jengo limekamilika. Anaambatanisha nakala ya kibali cha ujenzi, michoro yenye mihuri, taarifa za ukaguzi wa msingi na wa linta, ule mkanda wa zege juu ya milango, na karatasi ya fundi umeme aliyesajiliwa. Anapeleka halmashauri, anarudishwa kwa kuwa mchoro mmoja umekunjwa juu ya muhuri, anapeleka tena. Kisha anakaa karibu na simu kama mtu aliyeposa. Mkaguzi akija na kuridhika, hutolewa cheti cha kuruhusu watu waingie. Kabla ya hapo nyumba ni ya mwenyewe kwa kila kitu, isipokuwa kukaa ndani yake.

Hofu ya Limbu ilikuwa na historia. Mwaka uliopita, katika jengo lake la maduka pale Kwa Mathias, mkaguzi alikuta kinyozi ameshafungua na ana foleni. Mwenye jengo alicheka. Limbu ndiye aliyepewa onyo: akikutwa tena na mtu ndani ya jengo lisilo na cheti, jina lake litapelekwa juu ili afutiwe usajili. Juu wapi, hakuambiwa. Angetajiwa ofisi, pengine angelala.

Kwa hiyo nyumba ya ghorofa aliyomjengea mfanyabiashara Seif huko Mkuza aliilinda kama yai. Kila siku alimpigia simu: "Bosi, asiingie hata paka."

"Paka haingii," Seif alimjibu, na kuhusu paka alisema kweli.

Asubuhi ya ukaguzi Limbu alifika mapema. Alipofungua mlango, ubani ulimpokea. Alipanda ngazi mbilimbili. Katika chumba cha juu, juu ya jamvi, chetezo pembeni, alikaa Bi Biubwa, mama mzazi wa Seif, Mzaramo aliyetoka Kisarawe.

"Shikamoo, bibi," alisema Limbu, maana hofu haimwondolei mtu adabu.

"Marahaba, Msukuma. Umejitahidi. Nilidhani nitakuta zizi."

Wazaramo na Wasukuma ni watani, na mtani haruhusiwi kukasirika. Limbu alijaribu kucheka. Ikatoka sauti ya bawaba kavu.

"Bibi, umeingiaje?"

"Seif kanipa ufunguo. Mjukuu wangu anaoa Jumamosi, bibi harusi analetwa humu. Kwetu nyumba mpya halali mtu mpaka alale kwanza mkubwa wa ukoo. Ikiachwa tupu wanaingia wengine. Nimelala mimi jana."

"Serikali inasema asilale mtu kabla ya cheti."

"Na majini wameshaambiwa?"

Nje, gari lilizima injini.

"Bibi, nakuomba. Kaa humu kimya, kidogo tu. Huyo mkaguzi akikuona, mimi nimekwisha. Watoto wangu watakula majani."

"Si mtawaomba ng'ombe wenu wawagawie." Lakini alimhurumia, akajisogeza nyuma ya mlango. Limbu alipokuwa akiurudishia, akaongeza: "Ila majini wenyewe wameshatangulia, Msukuma. Wako bafuni, kwenye bomba. Alfajiri niliwasha ile swichi ya kitaa chekundu nipate maji ya uvuguvugu ya kutawadha. Kugusa bomba, likanishika mkono mpaka begani! Nikasoma Ayatul Kursi, nikazima, nikatawadha kwa maji ya kopo."

Limbu hakuwa mjuzi wa majini, lakini hawa aliwafahamu. Hita ya maji ilikuwa inavujisha umeme, na waya wa ethi, ambao kazi yake ni kuupeleka umeme wa namna hiyo ardhini, haukufungwa, au ulifungwa kwa maneno.

Mkaguzi aliitwa Injinia Stellamaris, mwanamke mtaratibu mwenye viatu vya kazi. Alipima vipandio vya ngazi. Alitikisa kingo. Alifunua shimo la maji taka, akalitazama kwa utulivu ambao Limbu hakuwa nao hata mbele ya sahani ya wali.

"Huu ubani?"

"Unaondoa harufu ya rangi, Injinia."

"Na chumba kile?"

"Vanishi bado mbichi."

Bafuni alifungua bomba, na Limbu akafumba macho. Maji yakatoka, hita ilikuwa imezimwa, na bomba lilikuwa na adabu zote. Stellamaris aliitikia kwa kichwa, ameridhika, akaweka karatasi juu ya sinki, akatoa kalamu.

Hiyo ndiyo kalamu ambayo Limbu aliiota kwa mwaka mzima. Anyamaze tu, yamekwisha. Lakini badala ya kalamu aliona mkono wenye hina mbichi, mkono wa msichana asiyemjua, unawasha kitaa chekundu na kulishika bomba, na hajui Ayatul Kursi, au anaijua na hapati muda.

"Injinia, usisaini."

"Unasemaje?"

"Washa hita. Bomba usiliguse kwa mkono."

Stellamaris aliwasha, akachomoa testa mfukoni, akaigusisha bombani. Taa ndogo ya testa ikang'aa. Wote wawili walirudi nyuma, na kwa hatua hiyo tu hapakuwa na mkaguzi wala mkandarasi.

"Fundi umeme kasaini kwamba ethi ipo."

"Kasaini."

"Wewe umejuaje?"

"Lilinishika mimi," alisema Limbu upesi.

"Muongo huyo!" Sauti ilitoka nyuma ya mlango wa vanishi. "Mimi ndiye niliyeshikwa! Msukuma ameiba ng'ombe wetu wote, sasa anaiba na majini?"

Bi Biubwa alijitokeza, kanga mabegani. Stellamaris alimwamkia, akamshika kiganja, akauliza kama moyo ulimwenda mbio, akaagiza apelekwe zahanati leo hii. Kisha akamgeukia Limbu.

"Ethi ikishafungwa, na fundi mwingine akaithibitisha, andika barua ya kuomba ukaguzi upya. Bibi harusi atafutiwe pengine. Na hili la kukuta mtu ndani, siwezi kulificha."

"Litakwenda juu?"

"Litakwenda. Nitaandika pia nani alinizuia nisisaini. Watakachokisoma kwanza, sijui."

Limbu alishuka, akakata umeme wote kwenye swichi kubwa, akaijaribu mara kadhaa kama haiamini. Akampigia Seif, akamwambia bibi harusi apelekwe Kisarawe badala ya Mkuza. Alipokata simu alijikuta amekaa chini. Bi Biubwa alishuka polepole, akasimama mbele yake.

"We Msukuma, unatetemeka nini? Si nimeshikwa mimi?"

Limbu aliutazama mkono wa bibi, mwembamba, ule uliolishika bomba alfajiri, akazidi kutetemeka.