Mluzi wa Fundi Rangi

Nukta hawezi kukaa bila kuchora. Mchana yuko duka la uchapaji, anapanga lebo za chupa za sabuni na mihuri ya ofisi, na mteja akichelewa kuchagua rangi, yeye ameshajaza kona ya karatasi kwa mtu mdogo wa vinukta mwenye kofia na ndoo. Jina lake limetoka hapo. Hata mama yake mzazi siku hizi anamwita Nukta, lile la kwenye cheti limebaki huko huko kwenye cheti.

Gemu alizotengeneza na binamu yake zilikuwa za vinukta hivyo hivyo. Msije mkadhani nasema zile gemu kubwa za watu wenye ofisi na viyoyozi. Hizi ni ndogo, unazipakua mtandaoni na kuziingiza kwenye mashine ya mkononi, ile ya kukaa viganjani, yenye kioo na vitufe. Unaipakua chai haijapoa, unaicheza kwenye foleni ya benki, ukichoka unaifuta. Watu wanazidharau, na mimi hilo linanikera, kwa sababu kuna mtu amepinda mgongo wiki nzima ili yule mtu mdogo apande ngazi bila kuonekana anachechemea.

Binamu mwenyewe ni mtoto wa mjomba wake, amelelewa nyumba moja na Nukta tangu hajui kufunga kamba za viatu. Wanamwita Injinia. Anafunga intaneti majumbani kwa watu ili ale, na anaandika programu za gemu ili roho yake itulie. Alikuwa na hotuba moja ambayo kila mtu pale nyumbani aliikariri: weka nakala. Moja hapa, moja kule, moja kwa jirani. Ukipoteza picha za simu yako mbele yake, utajuta kwa nini ulisema.

Sasa, baba yake Nukta alikuwa fundi rangi. Alikuwa akirudi jioni anapanda ngazi za jengo na ndoo mkono huu na ndoo mkono ule, atabishaje hodi? Basi akifika kwenye kona ya ngazi, chini kidogo ya mlango wao, anapiga mluzi, na Nukta na Injinia wanakimbilia mlangoni wakisukumana, nani afungue. Miaka na miaka mlango ule ulifunguliwa kwa mluzi. Alipougua na ikawa wazi kwamba hainuki tena, Nukta alimwekea simu yake ya batani mdomoni akamwambia, baba, piga ule wa mlangoni. Mzee akacheka, akamuuliza atafunguliwaje mlango na yeye amelala ndani. Lakini akapiga.

Mzee akaenda zake. Simu nayo ikafa. Kilichobaki ni kadi ya memori ndogo kama ukucha, na ndani yake ule mluzi.

Ndipo likaja wazo la gemu. Fundi rangi mdogo anapanda jengo, anapaka kuta kabla mvua haijaanza, na akimaliza kila ghorofa anapiga mluzi, mlango unafunguka. Nukta akachora hadi macho yakawasha. Kisha akampa Injinia ile kadi ili auhamishie mluzi kwenye gemu.

"Itunze. Sina kingine cha baba," alimwambia.

"Dada, unanifundisha mimi kutunza kitu?"

Kweli, nani angemkumbusha huyo habari za nakala? Ni sawa na kumkumbusha imamu saa ya swala. Nukta akampa kadi kwa mikono miwili, na hakujiwekea nakala yoyote.

Baada ya muda Injinia akaja dukani na mashine mfukoni. Nukta akakaa juu ya maboksi ya karatasi, akavaa hedifoni, akapaka ghorofa ya kwanza. Mluzi ukalia. Machozi yakamtoka hapo hapo, mbele ya mteja aliyekuja kuchukua muhuri, na Injinia akampa tishu.

"Mbona sauti imekonda?" aliuliza akijifuta.

"Nimeibana, dada. Gemu ikiwa nzito watu hawapakui."

Akaridhika. Tangu siku hiyo, bosi akimfokea, Nukta anaingia stoo na mashine yake, anapaka ghorofa moja, anafungua mlango mmoja, anarudi kazini akiwa mtu. Gemu ikawekwa kwenye duka la mtandaoni, na watu asiowajua wakaandika kwamba mluzi ule unawapa raha. Akawapenda wote. Akiulizia kadi, Injinia anasema ipo salama, nitakuletea. Leo ipo kwenye begi jingine, kesho ameisahau kwa rafiki. Nukta hakutilia shaka, maana huyu alikuwa ndugu yake wa kuoga beseni moja.

Aliyekuwa hajausikia ni mama. Tangu msiba alikataa katakata. Akiona mashine inatoka mfukoni anahamia jikoni. Mpaka Jumapili moja mchana, anakunja nguo sebuleni, Injinia kaja kula kama kawaida yake, mama akaweka shuka pembeni na kusema, "Haya. Nipe nimsikie mume wangu."

"Shangazi, betri imekwisha," Injinia alidakia.

"Imejaa. Nimeichaji asubuhi," Nukta alisema, na bado hakushtuka.

Akachomoa hedifoni ili sauti itoke wazi, akapaka ghorofa ya kwanza haraka haraka. Mluzi ukalia. Mama akainamisha kichwa.

"Rudia."

Akarudia.

"Huyu ni nani?" mama aliuliza.

"Mama, ni baba. Sauti imebanwa tu."

"Mluzi ni wake. Anayeupiga siye." Mama aliongea taratibu, hana hasira. "Baba yako alikuwa na pengo hapa mbele. Ule mwisho ulikuwa haumtoki, kwa hiyo anauvuta ndani, kama mtu anayepuliza chai ya moto halafu akaghairi. Nimemfungulia mlango ndoa nzima, Nukta. Huyu anatoa pumzi mpaka mwisho. Huyu ana meno yake yote."

Kisha akamgeukia mtoto wa kaka yake, akamtazama mdomo.

Injinia alitua sahani. Akaanza kusema huku anaangalia zulia. Alitaka kuijaribu gemu kwenye mashine, kadi yake ilikuwa imejaa, akachomeka ile ya Nukta. Mashine ile huuliza, kwa kila kadi ngeni, kama ifute vilivyomo. Alikuwa na haraka. Akabonyeza ndiyo, kama anavyobonyeza kila siku, kidole kikatangulia akili.

"Nilijaribu kuurudisha kwa kila njia, dada. Haukurudi. Nikaingia bafuni nikaupiga mwenyewe."

"Bafuni?"

"Kuna mwangwi. Kama wa ngazi."

Nukta alihesabu kichwani. Nakala za gemu zilikuwa tatu, aliziona mwenyewe. Ya baba yake haikuwepo hata moja.

"Kwa nini hukuniambia?"

"Ulishalia. Ulisema ni yeye. Ningeanzia wapi?"

"Ungeanzia kwenye tishu. Badala ya kunipa tishu ungesema."

Injinia akaisogeza sahani pembeni. Na mimi siwezi kumjibia. Kufuta ni ajali, na Nukta namjua, angelia, angemnunia, angemsamehe. Lakini umtazame mtu anamlilia baba yake kwa pumzi zako, unyamaze, kesho umwone tena anaingia stoo kujiliwaza, unyamaze, halafu Jumapili uje kula kwao? Hapo ajali iliisha zamani.

"Nitautoa kwenye gemu leo leo," Injinia alisema.

"Toka tu," Nukta alimwambia, kwa sauti ya chini, na akamfungulia mlango. Akasikiliza viatu vyake vikishuka ngazi.

Mama alimvuta, akamkalisha. "Wewe si unaukumbuka? Upige wewe. Uvute ule mwisho. Mimi nitakwambia kama ndio."

Nukta akalowanisha midomo. Akafumba macho, akamtafuta baba yake kwenye kona ya ngazi, na ndoo zake. Akapiga. Ukatoka safi, mzima, hauna pengo, na mwangwi wa bafuni kabisa.

"Siyo huo," mama alisema. "Tena."

Akajaribu kuvuta ndani, ikaja hewa tupu. Akajaribu tena, na tena, mama akitikisa kichwa, mpaka midomo ikamkauka. Kila alipomwita baba yake, aliyekuja alikuwa Injinia.