Kona ya Godoro Langu

Wiki iliyopita mwanangu alimwaga maziwa kwenye kochi. Nikatoa sponji ndani ya foronya, nikaipeleka bombani kuifua. Nilipoikamua mara ya kwanza, harufu ya sponji mbichi iliyochanganyika na sabuni ya unga ilinipanda puani, mikono ikasimama yenyewe. Mwanangu aliniuliza kama nimeona mdudu. Nikamjibu hapana, lakini nilikuwa nimeshafika mbali, kwenye chumba cha nyuma cha nyumba yetu ya Mangobo, mjini Kisangani, mwaka niliotimiza miaka kumi na moja, na mlango ulikuwa umefungwa.

Ngoja niwaeleze vizuri. Papa alikuwa mtumishi wa serikali, mtu wa kalamu na mkoba, ambaye zamani alipelekwa Yangambi kujifunza ufugaji wa samaki akarudi na daftari lililojaa michoro. Mwaka ule jina lake liliondolewa kwenye orodha ya ofisi. Mimi niliambiwa yuko likizo, na kwa kuwa nami nilikuwa likizo ya shule, sikuona ajabu yoyote. Majirani nao waliambiwa vivyo hivyo. Ndiyo maana hakutaka kuchimba bwawa uani, mbele ya macho ya watu. Angetotolesha ngolo ndani ya nyumba, wale kambare weusi wenye ndevu ambao Kisangani nzima inawapenda, na siku vifaranga vikikua ndipo angefungua mlango na kuonyesha kazi yake mpya.

Vifaranga vya ngolo vinataka maji safi, giza, na joto lisiloyumba, digrii ishirini na nane hivi. Papa alilipima jambo hilo mezani siku nyingi, chakula kikipoa mbele yake. Pampu ya umeme ingesafisha maji vizuri, lakini umeme wetu, ingawa bwawa la umeme la Tshopo lilikuwa hapo hapo mjini, ulikuja kama mgeni mwenye haraka. Waya wa kupashia maji ungezimika pamoja na pampu. Mkaa ndani ya chumba kilichofungwa ungetuua sisi kabla ya samaki. Hilo la mkaa alilisema Mama, na Papa akalifuta kwenye daftari bila ubishi.

Mwishowe akachagua. Chujio lilikuwa ndoo iliyotobolewa chini, ndani yake kokoto za mtoni, mchanga, mkaa uliopondwa, na juu kabisa sponji, musi kama tulivyoiita nyumbani. Sponji aliikata kwenye kona ya godoro langu, upande wa miguuni, akisema miguu yangu bado haijafika huko. Ndoo ilikaa kwenye ubao juu ya beseni kubwa. Maji yalitekwa kutoka kwenye beseni kwa kopo, yakamwagwa ndooni, yakashuka yenyewe yamechujika. Joto lingetoka kwenye bidoni, madumu ya njano yaliyojazwa maji moto kutoka mbabula ya Mama, jiko lake la mkaa pale uani. Bidoni zilitumbukizwa kwenye beseni, na zikipoa zilibadilishwa. Ulikuwa mpango mzuri. Ulihitaji tu mtu wa kuteka, kumwaga, kubadilisha bidoni na kusoma kipimajoto tangu asubuhi hadi jioni. Pampu nilikuwa mimi. Waya wa kupashia maji nilikuwa mimi pia.

Papa alimkamua ngolo jike mayai, akayachanganya na mbegu za dume, akayatandaza juu ya kipande cha chandarua ndani ya maji. Kesho yake beseni lilijaa nyuzi ndogo zinazotetemeka. Nikiri kwamba asubuhi ile nilifurahi. Furaha iliisha kabla ya mchana.

Dirisha lilikuwa limezibwa na plastiki nyeusi. Mlango ulifungwa ili joto lisitoke, na mwanga wangu ulikuwa tochi moja yenye kitambaa. Jasho lilinitiririka hadi viwikoni. Kibaya kuliko vyote, nje ya ukuta wasichana wenzangu walikuwa wanacheza nzango, mchezo wetu wa kurushiana miguu, na kwa makofi yao tu nilijua nani anashinda. Nilihesabu mabao yao yote nikiwa gizani, kopo mkononi. Nililia kidogo, halafu nikaacha kwa sababu hakukuwa na mtu wa kunisikia.

Papa alipita kila mara na swali lile lile la joto la maji.

"Mayi iko na ngapi?"

"Vingt-huit, Papa," nilijibu. Ishirini na nane.

"Bon. Usiache ishuke."

Tena Jumamosi ya wiki ile Tante Béa, dada yake Mama, alikuwa anapanda mtumbwi wa injini kwenda Yangambi, na alikuwa ameniahidi nafasi tangu Pasaka. Nilimwomba Papa ruhusa.

"Vikianza kula vyenyewe, utaenda," alisema. "Sasa hapana. Nani atabakia navyo?"

Basi nikawa naviangalia vile vifaranga kama mfungwa anavyomwangalia askari. Nilivihimiza vikue. Alhamisi, nilipoinua sponji, niliikuta imekuwa ya kahawia, inateleza, inanuka tope. Papa alikuwa amenionyesha namna ya kuishika: "Unaikamula tu mu mayi yake mwenyewe, basi." Sabuni hakuikataza kwa jina. Na mimi nilikuwa binti wa Mama, mwanamke aliyeweza kurudisha shati mara tatu kwenye karai kwa doa moja la kola. Niliwaza kwamba uchafu ule ndio unaochelewesha samaki. Nikatoroka hadi bombani, nikaifua sponji kwa sabuni ya unga, nikaisugua, nikaisuuza mara mbili, ikarudi nyeupe kama siku ilipotoka kwenye godoro. Niliirudisha ndooni kwa fahari, nikachota maji kwa nguvu mpya hadi jioni.

Usiku zamu zilikuwa za wakubwa, Mama hadi usiku wa manane, Papa hadi kuche. Ijumaa asubuhi nilipofungua mlango nilimkuta Papa amechuchumaa, kipimajoto mkononi. Vifaranga vyote vilikuwa vimelala chini ndani ya beseni, vyeupe, havitetemeki. Mikono yangu ilikuwa bado inanukia sabuni, nikaificha nyuma.

"Ni baridi," Papa akasema, bila kunitazama. "Baridi njo imeviua."

Mnaweza kunihukumu mnavyotaka. Nilisikia ahueni. Baridi haikuwa na jina langu. Nikanyamaza, na kesho yake, kwa kuwa hakukuwa tena na kitu cha kuchunga, Papa mwenyewe alinibebea kifurushi hadi bandarini. Yangambi nilikula, nikaogelea, nikacheza nzango hadi nyayo zikachubuka. Niliporudi, ndoo na beseni vilikuwa vimegawiwa kwa jirani, na Papa alikuwa amehamishia kiti na redio yake kwenye chumba cha nyuma. Plastiki nyeusi hakuiondoa dirishani. Jirani alipokuja kumshauri ajaribu tena, alijibu kwamba samaki si kazi yake. Mama alianza kuuza unga sokoni, nasi tukaishi kwa huo.

Nikiwa sekondari mwalimu wa biolojia alitufundisha kwamba ule utelezi wa kwenye chujio ni vidudu hai vinavyokula sumu ya uchafu wa samaki, na kwamba anayeufua anawaua samaki, hata kabla sabuni haijawafikia. Nilifunga daftari. Sasa nilijua kabisa, na bado sikusema. Nilijiambia jambo limepita.

Jumapili iliyopita nilikwenda Mangobo. Papa alikuwa kwenye kiti chake mle chumbani, amezeeka, redio ikinong'ona. Nilibaki nimesimama mlangoni.

"Papa, ile musi ya ngolo, niliifulaka na sabuni. Kesho yake vikakufa."

Alizima redio. Nilidhani atakasirika, nikatamani hata anikasirikie. Alitazama mahali beseni lilipokuwa.

"Mimi niliwazaka ni mimi," akasema. "Asubui ile usingizi ilinibeba. Niliamuka, nikakuta mayi iko vingt-trois, digrii tano chini. Sikuambia hata mama yako. Nikasema, mutu anashindwa kuchunga beseni, atachunga nini ingine?"

Nikakaa sakafuni. Utoto wangu wote nilisimulia jinsi Papa alivyonifungia siku tano gizani, na watu walicheka. Yeye alikuwa amekaa mle miaka kumi na tisa kwa kosa langu, na neno la kumtoa nilikuwa nalo mdomoni kila nilipomsalimia. Papa ambaye hajawahi kunipiga hata kofi. Nilimwomba msamaha huku nalia. Sijui kama alinisikia, maana alikuwa anahesabu kwa vidole, bidoni ngapi, digrii ngapi, saa ngapi.

"Vingt-trois haiviue," akasema, polepole. "Inavichelewesha tu. Donc, moto yangu ilikuwa inatosha."