Dawa ya Bibi Nyuma ya Goli

Nilipokuwa mtoto wa miaka tisa, Jumamosi moja baada ya mavuno ya pamba, saa tatu kamili asubuhi, bibi aliniita nyuma ya ghala la mtama akanitia mkononi kifurushi kidogo cha kaniki. Saa naijua kwa hakika, maana kengele ya misheni ilikuwa imelia punde tu.

"Utakifukia nyuma ya hapo anaposimama kaka yako," akasema. "Na mpaka uwe umekifukia, usimwamkie mtu wala usiitikie. Ukifungua mdomo, dawa imekufa."

Kaka yangu Masanja alikuwa kipa wa chuo cha ualimu cha serikali. Alasiri ile wangekutana na chuo cha misheni, kama ilivyokuwa kila mwaka, na mji wote wa Shinyanga ulikuwa umegawanyika. Mwaka uliotangulia Masanja alifungwa bao la mwisho katikati ya miguu yake, na tangu hapo mashabiki wa misheni walimwita Mlango Wazi. Waliliimba jina hilo sokoni, hata mama alipopita na kapu lake. Masanja alitutangazia kwamba timu yake ikishindwa tena na misheni, atavua jezi na hatagusa mpira maisha yake yote. Mimi, niliyejua majina ya wachezaji wetu kumi na mmoja vizuri kuliko amri kumi, nilishindwa kula tangu jana yake.

Bibi hakuwahi kuona mpira. Alichokijua ni ngoma. Kwetu Usukumani wachezaji wa ngoma wamegawanyika pande mbili, Bagalu na Bagika. Pande hizo hucheza siku moja, uwanja mmoja, na mshindi ni yule aliyevuta watazamaji wengi. Kila upande una dawa zake za kuvuta watu. Bibi alikuwa Mgalu wa kutajwa enzi zake, na kwake yeye shindano ni shindano.

Niliondoka na shangazi Kulwa. Hatujafika hata kwenye lambo, tukakutana na jirani yetu Mzee Lugendo, Mgika tangu ujana wake. Aliishabikia misheni kwa sababu moja tu: bibi aliishabikia serikali.

"Mwangaluka, Kabula!" akanisalimu kwa sauti.

Nilipiga magoti, macho chini, midomo nimeibana.

"Mwangaluka, nasema! Mtoto wa nani huyu asiyejua salamu?"

"Koo linamuuma, baba," shangazi akanitetea.

"Koo?" Akainama kuutazama mkono wangu uliofumbwa, kisha akacheka mpaka akajishika kiuno. "Yule mwanamke hazeeki! Hata yeye koo lilimuuma tulipocheza ngoma kule Bugarama. Lilipona alipomaliza kufukia!"

Basi safari nzima alitembea ubavuni mwangu. "Kabula, nyoka huyo! Kabula, unaitwa nyumbani! Hebu nikumbushe, kaka yako anaitwa Mlango nani vile?" Hapo nusura nimjibu. Niliuma ulimi na kuendelea kutembea.

Uwanjani nilisubiri refa arushe sarafu. Masanja alipokuja kwenye goli la upande wa barabara, nilizunguka nyuma ya milingoti, nikachimba kwa kisigino, nikafukia. Kisha nikaliita jina lake kwa sauti yote niliyokuwa nimeizuia tangu asubuhi.

Dawa ilishika papo hapo. Watu walianza kuziacha pande za uwanja na kuja nyuma ya goli letu: vijana, wazee, kina mama wenye watoto mgongoni. Nilifurahi kidogo tu, kisha nikaelewa wanachokifuata. Misheni walikuwa wanatushambulia, na kila mtu alitaka kuliona bao likiingia. Likaingia. Wimbo wa Mlango Wazi ukaanza. Dawa ilivuta watu, na kwa jinsi nilivyoona mimi, watu walivuta mpira, na mpira ulimwendea kaka yangu.

Halafu yakaja mapumziko, na timu zikabadilishana magoli. Jambo hilo bibi hakulijua, na mimi niliyelijua sikuwa nimemwambia. Masanja alikwenda upande wa pili bila dawa yoyote. Nikakimbia kuifukua nimpelekee, nikamkuta Mzee Lugendo amesimama juu yake barabara, kwa viatu vyake vya matairi, anatafuna karanga.

"Shikamoo mzee. Naomba usogee."

"Marahaba! Kumbe koo limepona!" Macho yalimng'aa. "Nisogee niende wapi, mjukuu wangu? Hapa ndipo mabao yanapoingia."

Nilimvuta shati, nikalia. Hakusogea hata unyayo, na umati haukusogea.

Na mpira nao, kana kwamba umezoea, ukarudi kulekule, ila sasa kipa alikuwa wa misheni. Tulisawazisha. Bao letu la pili lilipita karibu sana na Mzee Lugendo, karanga zikamponyoka. Upande wa pili Masanja alikuwa peke yake, nyuma yake hakuna mtu. Mwishoni kabisa mshambuliaji wa misheni alichoropoka akabaki naye uso kwa uso. Nilikuwa mbali, sikuona vizuri. Nilimwona akiruka, na alipoinuka mpira ulikuwa kifuani mwake.

Filimbi ilipolia, Mzee Lugendo alikung'uta mikono. "Mwambie bibi yako ametupiga tena," akasema, na sikuona chuki usoni mwake.

Jioni bibi aliniuliza swali moja: "Watu walikuwa upande gani?"

"Kwenye dawa, bibi."

"Basi."

Masanja, aliyekuwa akikandwa magoti kwa maji ya moto, alijaribu kujitetea. "Bibi, tumefanya mazoezi tangu mvua ziishe."

"Ndiyo, baba," bibi akamjibu kwa upole. "Na mazoezi nayo yamesaidia."

Baadaye nilisoma mpaka chuo kikuu, na naweza kueleza kwa nini umati hukimbilia panapokaribia kufungwa bao. Maelezo hayo ni sahihi, lakini hayamhusu bibi. Mjukuu wake alikuwa anakwenda kusimama mahali ambapo miguu yake yeye isingemfikisha, basi bibi akachukua kilicho bora katika ushindi wake wa zamani akampelekea. Na alinichagua mimi, niliyeshindwa kula. Nimeogopa mambo mengi tangu hapo, mengine bila sababu. Siku ile hofu yangu ilikuwa na kazi ya kufanya.

Jumapili asubuhi, kabla ya ibada, niliweka mawe mawili uani, nikamsimamisha bibi katikati na fimbo yake, nikamwonyesha mpira wa matambara. Nikaupiga polepole. Ulipita kando ya mguu wake. Bibi hakuutazama. Aligeuka nyuma kuona ni watu wangapi wamekuja, akakuta kuku.

"Bado mapema," akasema. "Piga tena."

Nikapiga tena.