Chandarua cha Kuanikia Omena

Ni mimi niliyempeleka mpiga picha kwa mama. Nalisema mapema ili mtu asinihurumie bure. Nilikuwa nimepata kibarua cha kutafsiri katika mkutano wa mazingira uliopangwa kufanyika Homa Bay, pamoja na maonyesho ya picha za ziwa. Wenye mkutano wakanituma nizunguke na kijana wao kutoka Nairobi, aliyebeba kamera tatu na kusahau kofia. Alitaka wanawake wa omena, wale dagaa wa ziwani. Nilimjua mmoja, yule aliyenizaa, nikampeleka ufuoni Muhuru Bay, mahali mama alipokuwa akianika tangu kabla sijaingia shule.

Pale ufuoni kila mwanamke ana kiwanja chake. Hakuna hati wala kigingi, lakini thubutu kuanika kwa mwenzako uone. Mama alitandika vyandarua vikuukuu mchangani, vile vya mbu vilivyokwisha kutoboka, akamwaga omena juu yake na kuisambaza kwa mkono. Chandarua huzuia mchanga usishikane na omena, na mvua ikitishia unakikunja na kukimbia nacho. Hata mtoto wa chekechea wa kwetu analijua hilo.

Kijana alipiga picha kwa muda mrefu. "Mshow tu aendelee na kazi, asiangalie kamera," aliniambia. Hakuuliza swali hata moja. Nami niliyelipwa kueleza sikueleza, maana nilidhani kitu kinachoonekana kwa macho hakina haja ya maelezo.

Siku ya mkutano mama alisafiri kupitia Migori hadi Homa Bay kuja kuiona picha yake. Alivaa gauni lake la Sabato ingawa ilikuwa Alhamisi, jambo ambalo sikuwahi kumwona akilifanya. Ukumbi wa hoteli ulijaa picha za viboko, magugu maji na vilima vilivyonyolewa miti, na wageni walipita mbele ya picha hizo na sahani za wali wakitikisa vichwa kwa masikitiko. Picha ya mama ilikuwa kubwa kuliko meza yetu ya kulia. Ilikuwa nzuri pia, siwezi kudanganya. Chini yake waliandika kwa Kiingereza kwamba vyandarua vinavyogawiwa bure kuzuia malaria vimegeuzwa nyavu za kuvulia, na kwamba mwanamke huyu anaanika samaki wachanga ambao hawakupewa nafasi ya kukua.

Samaki wachanga. Omena haizidi kidole, hata ukiisubiri hadi kiama.

"Wameandika nini?" mama aliniuliza kwa Kijaluo.

"Wameandika kwamba wewe ni mama mchapakazi, unalisha familia yako kwa ziwa."

Aliguna kwa furaha, akaniomba nimsomee tena, polepole. Nikasoma tena. Mara ya pili nikaongeza neno shujaa. Mpiga picha mwenyewe alipita karibu yetu akitafuta soda, akamwomba mama ampishe, wala hakumtambua.

Mama alipokwisha kuondoka, mwongozaji aliuliza kama kuna mwenye swali au nyongeza kuhusu picha. Kipaza sauti kilikuwa mkononi mwangu. Sentensi mbili tu zingetosha. Nilichokiogopa ni kidogo hata naona aibu kukiandika: walikuwa wameniahidi kibarua kingine kisiwani Mfangano. Nikakitumia kipaza sauti kutafsiri maneno ya shukrani.

Picha ilirushwa kwenye simu za watu ikafika Muhuru Bay kabla mimi sijamaliza kazi ya Mfangano. Shangazi, anayeanika jirani na mama, ndiye aliyenisimulia yaliyofuata. Mwenyekiti wa kamati ya ufuo aliitisha mkutano, kwa hofu kwamba maafisa wangekuja kufunga ufuo mzima. Aliinua simu yake, akauliza ni nani yule kwenye picha.

Mama alisimama. Uso haukuonekana vizuri kwenye simu. Angeweza kukaa kimya. "Ni mimi," alisema. "Binti yangu alinisomea. Wameniita shujaa."

Wengine walicheka. Mwenyekiti akamfasiria maandishi yale mbele ya wote, neno kwa neno, bila kuongeza wala kupunguza, kazi ambayo ilikuwa yangu. Kila aliyekuwepo alijua vile vyandarua ni vya kuanikia, maana nao wanavyo. Lakini ufuo ulitaka mtu wa kutolewa kafara, na mtu alikuwa amekwisha kusimama. Kiwanja chake kilichukuliwa siku ile ile.

Sasa anaanika nyuma ya nyumba, akigombana na kuku kutwa. Nilipokwenda kumwona nilikuwa tayari kwa matusi, na kusema kweli niliyataka. Hakunitukana. Aliendelea kugeuza omena, kisha akauliza bila kuniangalia, akiniita bintiye kwa Kijaluo.

"Nyara, wale watu wa Homa Bay, walijua mimi ni mama yako?"

Nilimjibu kwamba hapana, binti yake hakuwaambia.

"Ni vizuri," alisema. "Basi hawatakufuta kazi."