Shangazi Aliyezikwa Kwenye Kitambaa Cheupe

Nashukuru Mungu aliyeniamsha leo nikiwa na macho yanayoona na kichwa kinachokumbuka. Wengi wa rika langu ameshawapumzisha, nami ameniacha nisimulie. Sifa ni zake kabla sijasema lolote.

Jumapili iliyopita, baada ya ibada, nilikwenda kula kwa mjukuu wangu Milimani. Aliwasha runinga yake kubwa akaniita, "Shosho, kuja uone sinema za zamani. Hawa watu walikuwa wanavaa poa." Nikavaa miwani. Mwanamke mrefu alitoka kwenye kibanda akiwa na mzigo kichwani, akageuka, akatutazama. Sahani ilinitoka mkononi. Alikuwa shangazi yangu, dada ya baba, akiwa msichana wa miaka ishirini na kitu. Na mimi, niliyekuwa mtoto wakati ule, sasa nimekuwa mzee wa kutosha kuwa nyanya yake.

Wacha nikueleze, rafiki yangu. Tuliishi Elburgon, kwenye kambi ya wafanyakazi wa kiwanda cha mbao. Wazazi wetu walitoka magharibi wakifuata kazi ya msumeno. Nyumba zetu zilikuwa za mabanzi, vile vipande vya nje vya mti vyenye maganda, na mvua ikinyesha kambi nzima ilinuka utomvu. Kazi yangu kila jioni ilikuwa kushindilia unga wa mbao kwenye jiko la mkebe, taratibu, nikiacha tundu katikati. Ukiharakisha, moto unazima, na nyanya, mama yao baba na shangazi, anakuuliza kama leo tutakula viazi vibichi.

Shangazi alikuwa akichuma maua ya pareto kwenye mashamba ya jirani. Siku moja walikuja watu wenye kamera kupiga picha za kilimo, wakahitaji mwanamke wa kupita na gunia. Wakampitisha mara moja, wakamwambia arudie, wakamwambia arudie tena. Mwezi uliofuata wakamwandikia barua aende Nairobi. Baada ya hapo aliigiza nesi, akaigiza mke mwenza, akaigiza mama aliyepotelewa na mtoto ilhali yeye mwenyewe hakuwahi kuzaa. Picha yake ilitokea kwenye kalenda, na duka la kambini liliitundika hata mwaka ulipokwisha. Nyanya alikuwa akipita pale bila haja ya kununua kitu.

Kisha gari la sinema likaja kwetu. Walitandaza kitambaa cheupe kwenye ukuta wa stoo ya mbao, giza lilipoanza tu kuingia, na sisi watoto tukakaa mbele kabisa kwenye vumbi. Nyanya aliletewa kiti. Shangazi alipotokea, kambi yote ilicheka kwa furaha na kumwita jina. Aliolewa pale kwenye kitambaa, akapika, akaugua. Halafu akafa. Tukaona jeneza likibebwa, tukaona uso wake kabla ya kufunikwa, tukaona udongo.

Nyanya alisimama. Sijasikia tena kilio kama kile. Wanawake wa kambi, ambao walikuwa wakilia pamoja kwenye kila msiba, hawakungoja kuuliza, wakaungana naye. Mwenye gari alizima mashine yake akaja mbio.

"Mathe, tafadhali, huyo hajakufa. Ni kuigiza tu."

"Nimemwona akifukiwa."

"Hata mimi namwona kila siku. Juzi nimemzika Molo, jana nimemzika Turi, kesho namzika Njoro."

Alidhani anamtuliza. Nyanya alimtazama kama mtu aliyekiri jambo.

Kulipokucha alikuwa amezima moto wa jikoni, amejipaka majivu na kunyolewa nywele zote, kama mama aliyefiwa. Baba alituma barua Nairobi, na baada ya wiki mbili shangazi akajibu kwamba yu mzima, na kwamba anakuja Krismasi na sukari. Tulifurahi sana, isipokuwa nyanya.

"Najua yuko hai, mimi si mjinga," alisema. "Lakini nimeshanyolewa."

Kwa desturi ya kina nyanya, mtu aliyeliliwa na mama yake haingii tena nyumbani kwa mama huyo hivi hivi. Lazima kondoo achinjwe mlangoni, naye aikanyage damu akiingia, ndipo ahesabiwe tena kati ya walio hai. Akiingia bila hivyo, mauti yanaingia naye. Lakini baba alikuwa mzee wa kanisa, na kanisa letu lilikuwa limekataza damu za namna hiyo.

"Mama, damu ilimwagika mara moja msalabani, ikatosha," alimwambia. "Nikichinja huyo kondoo, Jumapili nitasimama wapi?"

"Simama popote," nyanya akasema. "Mimi pia nilibatizwa. Lakini wewe hukumlilia."

Shangazi alifika na sanduku lake na viatu vya visigino vilivyozama kwenye matope ya kambi. Wavulana walishapata habari. "Marehemu, umetuletea mandazi ya huko?" mmoja akauliza. "Huko hawakaangi," akajibu, "mafuta yamekwisha." Mimi nilimgusa mkono nione kama una joto. Akacheka, akaniambia nishike vizuri, yeye si moshi.

Alipofika mlangoni kicheko kikamwisha. Nyanya alikuwa amesimama kizingitini, kitambaa kimefunika kichwa kilichonyolewa. Hakumfukuza. Alisema kwa upole, kama anavyoambiwa mtu wa mbali, "Mgeni, keti hapo hapo."

Shangazi alilala kwa jirani. Asubuhi alikuja akakaa chini ya dirisha la nyanya, naye nyanya akasogeza kigoda ndani, upande wa pili wa mabanzi. Wakaongea hivyo hadi mchana, mmoja ndani, mmoja nje. Nilipitisha chai dirishani. Mwaka uliofuata ikawa vivyo hivyo, na ule uliofuata. Nilikua nikiona hilo kila Krismasi. Tulimsikia shangazi kwenye redio akiigiza, tukaona picha zake magazetini, watu wa Nakuru wakajisifu kwamba ni wetu, na mtu huyo huyo alikuwa hawezi kuvuka ubao mmoja kwenda kwa mama yake. Niliota mara nyingi kwamba anagonga na hakuna anayesikia. Hata leo upepo ukitikisa mlango wangu, huwa nauliza ni nani kabla ya kufikiri.

Baba nilimpenda, nami nimeshika imani aliyonifundisha. Hakukosea kuhusu msalaba. Lakini nimeomba miaka mingi juu ya jambo hili, na bado sijui kama Mungu alimtaka awe mgumu kiasi kile.

Nyanya alipougua na kushindwa kuinuka, shangazi alikuja ingawa haikuwa Krismasi. Alikaa chini ya dirisha siku tatu kwenye baridi ya milima ya Mau. Siku ya nne nyanya akamwita baba.

"Sitakuomba kondoo tena," alisema. "Kama yeye hawezi kuingia, nitoeni mimi."

Baba alishika kitanda upande wa kichwa, jirani akashika miguuni, wakamtoa hadi uani penye jua. Shangazi alipiga magoti kando yake. Nyanya alimpapasa uso polepole, paji, mashavu, kidevu.

"Wale waliokuzika, walikulisha?"

"Walinilisha wali, mama."

"Na mle ndani kulikuwa na baridi?"

"Kidogo. Nilifumba macho nikakuwaza wewe."

"Mimi nilikuwa nalia," nyanya akasema.

"Najua, mama."

Walikula bakuli moja, hapo uani, hadi jua lilipohama. Nyanya alifariki wiki hiyo. Shangazi hakuingia hata siku ya mazishi.

Kambi haipo sasa. Nyumba za mabanzi zilivunjwa zikawa kuni, kiwanda kimenyamaza, na msitu umerudi nyuma mlimani. Shangazi alizeekea mtaa wa Kaptembwo, Nakuru, kwenye chumba kimoja, akiwafundisha watoto wa jirani kuimba. Hakuna aliyejua alikuwa nani. Tulipomzika tulikuwa watu kumi na wawili. Nilichungulia kaburini kabla udongo haujaanza kuingia, nikamwomba mchungaji asubiri kidogo. Akadhani nasali. Nilikuwa nangoja mtu aseme imetosha, ili shangazi ainuke ajipanguse nguo.

Hakuna aliyesema. Tukaimba, wakafukia.

Na wewe uliyekaa nami hadi hapa, Mungu akubariki, na kama yupo unayemngoja, akujalie nguvu za kutoka nje kumpokea.